Kadi yangu inaisha na mama anaumwa: niache kazi nirudi, au niombe ukaazi wa kudumu kwanza?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia saa tisa za usiku nikiwa zamu. Wazee wamelala, kengele zimetulia, na mimi nimekaa kwenye kijichumba cha wauguzi nikiwa na barua ya kuacha kazi mfukoni. Nimeiandika tangu wiki iliyopita. Imebaki kutia sahihi.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Pangani, nina miaka 32. Nilikuja Ujerumani Agosti 2018 kama au-pair, yaani msichana wa kulea watoto anayeishi na familia, kwenye nyumba ya watoto watatu. Mwaka ulipokwisha nikafanya mwaka wa kujitolea katika nyumba ya kutunzia wazee, na Septemba 2020 nikaanza Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi. Nilimaliza 2023. Oktoba mwaka huohuo nikapata kadi ya kazi, na tangu hapo niko nyumba ileile ya wazee, hapa jimbo la Hessen. Kadi yangu inaisha Oktoba hii ya 2026.

Mwezi wa pili mama yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia umelegea wote na maneno yanamtoka kwa shida. Daktari anasema hatari imepita lakini atahitaji mtu wa kumhudumia kwa muda mrefu. Baba alishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki nyumbani ni mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22. Yeye ndiye anayemgeuza na kumlisha. Kumwogesha anakuja mama mdogo, siku akipata nafasi. Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha ya mgongo wa mama. Kidonda kimeanza. Mama, mimi ninalipwa ili wazee wa watu wasipate vidonda kama kile. Siku hiyo nilishindwa kumaliza zamu.

Nimeamua niondoke mwisho wa Mei. Niache kazi, nirudishe chumba ili nisilipe kodi bure, nijiondoe kwenye daftari la wakazi, nikae na mama miezi minane hivi, halafu Januari nirudi nitafute kazi nyingine. Watu wananiambia wauguzi wanatafutwa kwa tochi, sitakosa. Rafiki yangu wa Dortmund anasema nikishaondoka nidai michango yangu ya pensheni, nitapata hela ya kumjengea mama choo cha ndani na kumlipa msaidizi.

Lakini kuna dada wa Kikameruni kazini aliniuliza kwa nini sijaomba Niederlassungserlaubnis, ule ukaazi wa kudumu. Mimi nilijua ni mpaka ufanye kazi miaka mitano baada ya Ausbildung, yaani kwangu ni 2028. Na nikisema kweli, neno lenyewe linanitisha. Kudumu. Naona kama ni kuapa kwamba nyumbani ndiyo basi tena, na ninaapa mama akiwa kitandani. Nilipomgusia mjomba kwenye simu akasema, "Kwa hiyo umeshaukana Utanzania?" Sikumjibu.

Halafu kuna kaka mmoja hapa mjini anasema nikimpa yuro 900 atanipatia Termin, yaani miadi, ofisi ya wageni na kadi itatoka. Je, nimwamini? Na nikipata ukaazi huo, naweza kumleta mama huku? Mdogo wangu ananiuliza kila siku, "Dada, unakuja lini?" Nimwambie nini?

Binti wa Pangani

*

Marahaba, mwanangu. Mungu amjalie mama nafuu, na wewe akupe nguvu ya kuzimaliza zamu zako.

Barua hiyo usiitie sahihi. Sisemi usiende kwa mama. Nenda, tena kama unaweza usingoje mwisho wa Mei. Ninachokukataza ni njia uliyoichagua, kwa sababu mimi niliipita na najua inakofika.

Mwaka 2009 baba yangu aliugua Moshi. Nami nilikuwa nimeshakaa Ujerumani miaka kadhaa, nikafanya kama unavyotaka kufanya wewe: nikaacha kazi, nikarudisha chumba, nikaenda kwenye ofisi ya manispaa kujiondoa kwenye daftari, nikagawa vyombo. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu anaruhusiwa kukaa nje miezi sita, nikahesabu vizuri kabisa, nikarudi nikiwa katika mwezi wa nne wa kukaa nje. Kadi ilikuwa bado ina mwaka mzima. Nilizuiwa uwanja wa ndege. Nikaambiwa kibali changu kilikufa siku ile nilipopanda ndege ya kwenda, kwa kuwa nilikuwa nimeondoka kama mtu asiyerudi. Ilinichukua karibu miaka miwili kupata visa mpya, na nilipoingia tena nilianza na kibali cha mwanzo kama mgeni wa jana.

Sheria iliyonikamata ni ileile iliyoko leo, kifungu cha 51 cha sheria ya ukaazi. Watu wengi wanakijua nusu. Nusu wanayoijua ni ile ya miezi sita: ukikaa nje zaidi ya hapo bila ofisi kukupa muda mrefu zaidi, kibali kinakufa chenyewe, hata kama kwenye kadi tarehe bado. Nusu wasiyoijua inasema kibali kinakufa papo hapo ukitoka nchini kwa sababu isiyo ya muda tu. Na wataijuaje sababu yako? Wanaangalia matendo. Aliyeacha kazi, akarudisha chumba, akajifuta kwenye daftari, huyo kwao amehama. Wewe umeyapanga yote matatu. Juu ya hayo umepanga miezi minane, na katikati ya miezi hiyo, Oktoba, kadi yenyewe inaisha ukiwa Pangani. Mlango huo umeufunga mara tatu, mwanangu, na funguo zote umeziacha ndani.

Na usidhani kuacha kazi ni siri yako na bosi. Mwenye kibali kama chako, kazi ikikoma kabla ya wakati, anatakiwa aijulishe ofisi ya wageni ndani ya wiki mbili tangu ajue. Mwajiri naye ana wiki nne za kupeleka taarifa yake. Kwa hiyo ofisi itajua, na ina uwezo wa kukifupisha kibali.

Sasa nikupe habari njema, maana naona hukuwa nayo. Huna haja ya kusubiri 2028. Umeshafika.

Ile miaka mitano ni njia ya kawaida, ya kifungu cha 9, na inadai miezi 60 ya michango ya pensheni. Wafanyakazi wenye ujuzi wana njia yao, kifungu cha 18c. Aliyesomea ujuzi wake nje ya Ujerumani anasubiri miaka mitatu na michango ya miezi 36. Lakini aliyemaliza Ausbildung au chuo humuhumu Ujerumani, kama wewe, anatakiwa awe ameshika kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi kwa miaka miwili tu, na awe amechangia pensheni miezi 24. Toa kadi yako uiangalie kwenye sehemu ya maelezo. Kama uliipata baada ya Ausbildung ya uuguzi, utakuta imeandikwa kifungu cha 18a. Hiyo ndiyo inayohesabiwa. Uliipata Oktoba 2023, kwa hiyo miaka yako miwili ilitimia Oktoba 2025. Umekaa na haki yako kabatini zaidi ya nusu mwaka.

Nimesema haki, na nilikusudia neno hilo. Kwa vibali vingi ofisi "inaweza" kukupa, ikipenda. Kwa hiki sheria inasema mtu akitimiza masharti apewe. Hakuna wa kumbembeleza.

Michango unayo ya kutosha na kusaza. Au-pair hachangii pensheni, mwaka ule uusahau. Mwaka wa kujitolea mwajiri alikulipia mchango wote. Miaka mitatu ya Ausbildung ulikatwa kila mwezi, na tangu 2023 unakatwa asilimia 9.3 ya mshahara na mwajiri anaweka 9.3 nyingine. Usiombe ukaazi kwa kubahatisha hesabu hii: iandikie Deutsche Rentenversicherung, shirika la pensheni, wakutumie Versicherungsverlauf, karatasi inayoonyesha mwezi kwa mwezi ulichochangia. Ni bure. Na ofisi ya wageni itaitaka hiyohiyo.

Masharti mengine kwako ni mepesi. Kijerumani cha B1, yaani ngazi ya kati, nawe umesoma uuguzi kwa Kijerumani miaka mitatu. Makazi ya kutosha. Hata chumba katika nyumba ya kushirikiana kinafaa, uwe na mkataba wako wa upangaji. Kuijua misingi ya sheria na maisha ya nchi: kama ofisi haikuridhika na cheti chako cha Ausbildung, utafanya mtihani wa Leben in Deutschland. Ada ni yuro 25, maswali 33 ndani ya dakika 60, na maswali yote yamechapishwa, 300 ya nchi nzima na 10 ya jimbo lako. Ukikaa nayo kwenye basi la kwenda kazini wiki mbili, umemaliza.

Sharti lililobaki ndilo linalonifanya nikuzuie mkono usitie sahihi: uwe na kazi, na riziki yako itoke humo. Ofisi itataka hati za mshahara na barua ya mwajiri inayosema mkataba unaendelea na haujavunjwa. Leo barua hiyo unaipata kwa kuingia ofisi ya utawala na kuiomba. Ukishakabidhi karatasi iliyoko mfukoni mwako, hakuna atakayeweza kukuandikia. Miaka saba na miezi ya jasho inapita kwenye tundu la sindano la karatasi mbili, moja ya mwajiri na moja yako, na inategemea ipi imetangulia.

Nakujua utaniuliza: na mama je, huku mimi nasubiri makaratasi?

Husubiri. Wiki hii andika ombi na ulipeleke, kwa mtandao kama mji wenu una huduma hiyo, au kwa barua ya posta iliyosajiliwa. Ombi linahesabika tangu linapofika kwao. Termin ni ya kuchukua alama za vidole na kuonyesha nyaraka halisi. Tunza uthibitisho wa kulipeleka. Ukishalipeleka, zungumza na mkuu wako kazini, na umwambie ukweli wote, picha ya mgongo wa mama ikiwemo. Yeye naye ni muuguzi, ataielewa bila kutafsiriwa. Omba likizo yako yote ya mwaka iliyobaki, unganisha na saa za ziada ulizolimbikiza (na wauguzi hamkosi), kisha ongeza mwezi mmoja wa likizo bila malipo. Yote yawe kwenye maandishi. Nasema mwezi mmoja kwa sababu bima za jamii zinakuhesabu ungali kazini mpaka mwezi mmoja wa likizo ya namna hiyo. Ukizidi, bima ya afya unaanza kuibeba mwenyewe. Ukijumlisha unapata wiki tisa, pengine kumi, pale Pangani, huku mkataba uko hai, chumba ni chako, jina liko kwenye daftari, na kadi ina tarehe mpaka Oktoba. Ukiondoka hivyo hakuna atakayesema umehama.

Nakushauri ununue na bima ya safari, maana bima ya afya ya Ujerumani haikulipii matibabu Tanzania, na wewe unakwenda kuinua mgonjwa. Mgongo ni wako.

Unarudi Julai, unakwenda kwenye Termin, unasubiri kadi. Kama mambo yakichelewa na Oktoba ikakaribia kabla ya uamuzi, dai Fiktionsbescheinigung, ile karatasi inayosema kibali cha zamani kinaendelea hadi ombi liamuliwe. Ndani yake kuna visanduku. Kinachokufaa ni cha kifungu cha 81 aya ya 4, ambacho kinakuruhusu kutoka na kuingia. Kikitiwa alama kisanduku cha aya ya 3, usipande ndege. Watu wamekwama Dar es Salaam kwa alama iliyowekwa mstari wa juu badala ya wa chini, kwa hiyo isome hapohapo dirishani kabla hujaondoka. Na ikipita miezi mitatu bila uamuzi na bila sababu ya maana, sheria inakuruhusu kuishtaki ofisi kwa kutofanya kazi yake. Mara nyingi barua ya wakili inayotaja haki hiyo inatosha kulitoa faili chini ya rundo.

Sasa nije kwenye lile neno lililokutisha.

Umeniambia ukaazi wa kudumu unakuwa kama kiapo cha kutorudi nyumbani. Mimi nakwambia kwa mtu mwenye mama mgonjwa, ndiyo karatasi inayomrudisha nyumbani. Kifungu kilekile cha 51 kina aya ya nne. Inasema mwenye Niederlassungserlaubnis akitaka kutoka kwa jambo ambalo kwa asili yake ni la muda, kwa kawaida apewe muda mrefu kuliko ile miezi sita. Kumuuguza mzazi ni jambo la namna hiyo. Wewe wa leo, mwenye kadi ya 18a, ukiomba miezi minane ofisi inaweza kukukatalia na ikaishia hapo. Wewe wa mwisho wa mwaka, mwenye ukaazi wa kudumu, ukiomba miezi hiyohiyo, kwa maandishi, kabla ya kuondoka, ukiambatanisha cheti cha daktari kilichotafsiriwa, sheria imeelemea upande wako. Tena ukaazi huo haukufungi kwa mwajiri mmoja wala hauna tarehe ya kukukimbiza. Ukirudi ukakuta nafasi yako imechukuliwa, unatafuta nyingine bila kuhesabu wiki.

Kwa hiyo miezi yako minane sijaifuta, nimeisogeza mbele tu. Wiki kumi sasa, muda mrefu baadaye, ukiwa na karatasi mkononi. Najua "baadaye" ni neno zito kwa mwenye mgonjwa wa kiharusi. Baba yangu nilimzika mimi, na sijutii siku hata moja niliyokaa naye. Ninachojutia ni kwamba miaka miwili iliyofuata, mama alipobaki peke yake, sikuwa na mshahara wa kumtumia.

Mjomba mjibu kwa heshima lakini umjibu, kwa sababu ukinyamaza neno lake litasambaa ukoo mzima. Ukaazi si uraia. Niederlassungserlaubnis inakaa kwenye kadi ya Kijerumani, na kadi hiyo inasomwa pamoja na pasipoti yako ya Tanzania. Bila pasipoti hiyo kwa kawaida hata ukaazi wenyewe hupewi. Unabaki Mtanzania kama ulivyozaliwa. Anachokiogopa mjomba ni uraia, na kwenye uraia hofu yake ina msingi: Ujerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 imeruhusu mtu kubaki na uraia wa zamani, lakini sheria ya kwetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wakenya, kwa katiba yao ya 2010, wanaweza kuchukua pasipoti ya Kijerumani na kubaki Wakenya. Sisi tukiichukua, ya kwetu inakwenda. Ndiyo maana Watanzania wengi niwajuao huku wameishia kwenye ukaazi wa kudumu, na hawaukani Utanzania kwa hilo, ndivyo wanavyoulinda.

Kuhusu pensheni, rafiki yako wa Dortmund anakutakia mema lakini hesabu yake imepinda. Anayerudi kwao anaweza kudai michango, ni kweli, ila mpaka ipite miezi 24 tangu alipoacha kuchangia. Choo cha mama hakiwezi kungoja miaka miwili. Utakachorudishiwa ni nusu yako tu, ile ya mwajiri inabaki. Na siku unapolipwa, miezi yote uliyowahi kuchangia inafutwa kana kwamba hukuwahi kufanya kazi nchi hii. Ukirudi baadaye unaanza na sifuri, pamoja na hesabu ya ukaazi. Choo jenga kwa mshahara. Mtu wa kumsaidia mdogo wako kutwa mara mbili, asubuhi na jioni, ungemtafuta kuanzia leo. Hata kama itabidi uishi kwa wali na maharage miezi mitatu, sidhani kama kuna matumizi yako mengine yanayolizidi hili.

Kaka wa yuro 900 usimpe hata senti. Ada ya Niederlassungserlaubnis kwa mtu kama wewe ni yuro 113, na unailipa ofisini, unapewa risiti. Anayeuza Termin anauza kitu ambacho ni bure, na ukishampa nakala za pasipoti na kadi yako hujui zitatumika wapi. Ukitaka mtu wa kukushika mkono, kuna Migrationsberatung, ushauri wa bure kwa wahamiaji watu wazima, unaotolewa na Caritas, Diakonie, AWO, Msalaba Mwekundu na wengineo karibu kila mji. Chukua nafasi ya kuonana nao kabla ya kulipeleka ombi, wakague nyaraka zako moja moja. Waulize pia kuhusu ukaazi wa kudumu wa Umoja wa Ulaya, Daueraufenthalt-EU. Huo unadai miaka mitano, na miaka ya Ausbildung huhesabiwa nusu, lakini mwenye nao anaweza kukaa nje ya Umoja wa Ulaya hadi miezi 12 mfululizo. Huko mbele, mama akiendelea kuhitaji uende na kurudi, utakufaa.

Hili la kumleta mama nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo linaloniuma kukujibu. Sheria ilifungua mlango kwa wazazi wa wafanyakazi wenye ujuzi, lakini ni kwa wale waliopewa kibali cha kwanza cha aina hiyo kuanzia tarehe 1 Machi 2024. Chako ni cha Oktoba 2023. Umeukosa kwa miezi mitano. Waliobaki wanatakiwa kuthibitisha hali ya shida isiyo ya kawaida kabisa, na ofisi zinaisoma sentensi hiyo kwa jicho kali mno. Hata kwa wale waliofunguliwa mlango, kumpatia mzazi mgonjwa bima ya afya ya kueleweka huku ni mlima. Sitaki uweke matumaini yako hapo, wala usimwahidi mama. Mama yako atauguzwa Pangani, kwenye upepo wake na lugha yake, na wewe uwe mtu anayeweza kwenda na kurudi.

Mdogo wako ana miaka 22 na amebeba mzigo ambao wewe ulifundishwa miaka mitatu kuubeba. Usimjibu tena "nakuja, Mungu akipenda" halafu ukakata simu. Mpe tarehe. Nunua tiketi ya kwenda na kurudi, umtumie picha yake. Mwambie, "Nakuja siku fulani, nakaa wiki kumi, narudi kuchukua kadi yangu, halafu nakuja tena kukaa." Na kabla hujafika mfundishe, kwa video, kesho jioni kabla hujaingia zamu: mama ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, wapokezane na mama mdogo, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro, shuka lisiwe na mikunjo wala unyevu. Kidonda kisikandwe wala kisipakwe dawa ya kubahatisha, kionwe na muuguzi wa zahanati. Mwonyeshe namna ya kumgeuza kwa kutumia shuka badala ya kumvuta mkono uliolegea, maana bega la upande huo linateguka upesi. Shika simu hivyo hivyo mpaka amgeuze mama mbele yako mara mbili, na mama akuone usoni wakati anageuzwa.